Kuhamishwa ao kufukuzwa? Historia ya maneno ya habari zetu za juma



Kila mwisho wa juma, tunapokusanya habari za Lualaba, kuna neno moja ambalo linatukamata wakati mrefu kuliko habari yenyewe. Barua ya kampuni inasema délocalisation. Karatasi ya serkali inasema expropriation. Mama mwenye nyumba anasema tu: "Balitufukuza." Ni jambo lilelile, nyumba zilezile, udongo uleule mwekundu uliobaki fasi ya ukuta. Mutangazaji yuko na dakika mbili za kusoma ile habari, na lazima achague neno moja.

Wasikilizaji wengi wanatuuliza neno gani ndilo la kweli. Kwa redio hatuna nafasi ya kujibu vizuri, kwa hiyo ninajibu hapa, na ninaomba munisamehe kama ninaanzia mbali. Katika jimbo letu, majina ya kuita watu yalitoka mara nyingi kwenye ofisi, kisha mutaani watu wakayageuza kwa midomo yao. Na mara zaidi ya moja, jina lilifika mbele ya gari la kubeba watu.

Mbele ya Wazungu, watu wa hapa walikuwa tayari wanayeyusha mukuba, ni kusema shaba. Basanga walijulikana kama "wakula-shaba", juu walikula kwa kazi yake, na misalaba midogo ya shaba ya Katanga ilitumika sawa feza mupaka mbali sana. Katika karne ya 19, Msiri alitoka Unyamwezi, upande wa Tabora, akaweka muji wake Bunkeya, ambayo leo iko katika territoire ya Lubudi, ndani ya jimbo letu. Watu wake, Bayeke, walijua Kiswahili cha njia ya misafara. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa kapiteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya mufalme Leopold.

Wengi wanafikiri Kiswahili chetu kilitoka Bunkeya moja kwa moja na kufika kwenye kampi za wafanyakazi. Johannes Fabian, mutaalamu Mujerumani aliyefanya utafiti katika hii muji ya Kolwezi miaka ya 1960 juu ya kikundi cha Jamaa, alikatalia ile hadisi katika kitabu alichotoa mwaka wa 1986. Kwake, Kiswahili cha Katanga kilikomaa kwa kazi. Kampuni ilikuwa na watu wa makabila mingi ambao hawasikilizani, na serkali ya Wabelgiji ilikuwa na woga wa Kiingereza na luga za kazi zilizokuwa zinapanda kutoka Rodezia na Afrika ya Kusini. Kiswahili kikachukuliwa juu kilifaa kwa kuamuru. Mimi ninaona ana haki, hata kama wazee wengine hawapendi kusikia vile. Angalia tu maneno ya kwanza ambayo mutoto wa kampi alikuwa anajifunza: kazi, kapita, kontra, poso.

Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa kule. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka Rodezia ya Kaskazini, wakafanya miezi kadhaa, wakarudia kwao. Kampuni ikachoka kufundisha watu wapya kila mara. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 ikageuza mupango: mutu aje na bibi yake, asaini kontra ya miaka mitatu, akae kwenye kampi, azae watoto pale. Katika mwaka wa 1928 reli ya BCK ikamalizika kuunganisha Katanga na Kasai mupaka bandari ya Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Kutoka Kasai, kutoka Lomami, hata kutoka Ruanda-Urundi, watu wakaja. Hawakuja kwa kuvamia. Walitafutwa, wakapimwa na munganga, wakaandikwa jina na namba. Mushike ile reli akilini, tutairudilia.

Kolwezi yenyewe iliwekwa na Union Minière mwaka wa 1937, kwa ajili ya migodi ya mangaribi. Musonoi, Ruwe, Kamoto: kila fasi na kampi yake. Kapita, neno ambalo lilitoka kwa Wareno, ndiye alikuwa anaita majina asubui. Poso ilikuwa chakula cha juma: unga, samaki, mafuta, kila mutu kwa hesabu ya familia yake. Katika Lingala, ambayo waaskari na wanamuziki wametuletea mupaka hapa, poso ni juma lenyewe. Ni kusema watu walihesabu siku kwa kuangalia siku gani unga unagawanywa. Ninapenda sana lile neno. Ukisema "habari za poso" unasema habari za juma na habari za chakula mara moja, na kwa kweli wasikilizaji wetu wengi wanataka zote mbili.

Lakini neno kubwa kuliko yote ni kazi. Pwani, na hata Goma, kazi ni kila jambo ambalo mutu anafanya kwa mikono ao kwa akili. Hapa kwetu, muzee akikuuliza "Uko na kazi?" hakuulizi kama unafanya kitu. Anauliza kama uko na kampuni, namba, mushahara, hopitali. Mutu anaweza kuamuka saa kumi za usiku, akalima mupaka jua linashuka, na akijibu atasema: "Hapana, kazi hakuna, minalima tu." Fabian aliandika juu ya ile maana ya kazi zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na hata leo haijatoka. Mwenye kazi alikuwa mutu kamili. Nyumba ilikuwa ya kampuni, masomo ya watoto ya kampuni, hata sanduku la kuzikia lilikuwa la kampuni. Ndiyo maana, wakati kazi iliisha, watu hawakukosa maneno ya kusema tu mushahara umepotea; walikosa neno la kujiita.

Miaka ya uhuru ninapita haraka, juu muliisikia mara mingi katika vipindi vyetu. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, ikarudishwa mwanzo wa 1963. Tarehe 1 Januari 1967 Union Minière ilichukuliwa na serkali, ikageuka Gécomin, kisha Gécamines, ambayo sisi tunaita Jekamini ao "mama Jekamini" kwa wazee. Mobutu alibadilisha majina yote: inchi ikawa Zaïre, na jimbo likaitwa Shaba. Inachekesha kidogo: serkali ya Kinshasa, ya watu wa Lingala, ilifuta jina la Katanga kwa neno la Kiswahili. Lile jina likadumu mupaka 1997. Watu walioingia kwa silaha kutoka Angola katika Machi 1977 na Mei 1978 waliitwa waasi kwa redio ya taifa, Tigres na wengine, Bakatanga na wengine tena. Vita ya kwanza ikabaki na jina la vita ya siku 80, ya pili vita ya siku 6, ile iliyofika ndani ya Kolwezi tarehe 13 Mei 1978 na kuleta waaskari wa parashuti wa Ufaransa siku sita nyuma. Wazee wa Manika bado wanahesabu umri wa watoto wao kwa ile vita.

Sasa ninafika kwa neno ambalo wengine walitaka niliache.

Katika mwaka wa 1992, Conférence nationale kule Kinshasa ilichagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, katika Agosti, fasi ya Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Hapa jimboni liwali alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI, na vijana wa kile chama waliitwa JUFERI. Fujo ilianza Likasi katika ule mwezi wa Agosti. Ikafika Kolwezi katika Machi 1993. Mimi nilikuwa mutoto mudogo, yale ninayajua kwa kuambiwa na kwa kusoma. Lakini neno ninalijua vizuri, juu tulicheza nalo bila kujua maana yake. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu. Bilulu ni wadudu.

Ukimuita jirani yako mududu, umekwisha kusema nini kinapaswa kufanywa naye. Hauhitaji kutoa amri tena. Wale wazee walioona ile miaka wanakubaliana juu ya jambo hilo moja, wawe wa upande huu ao wa upande ule: neno lilizunguka katika mikutano, katika mabar, kwa masoko, miezi mingi mbele ya nyumba kuvunjwa. Kisha familia zikaenda kulala kwenye gare. Kule Likasi na hapa Kolwezi watu walingojea treni juma na juma, nje, katika mvua, na wagonjwa na watoto. Wengi walikufa palepale ao njiani. Wote pamoja waliofukuzwa katika Shaba walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Treni iliwapeleka kwa Tenke, kwa Kamina, mupaka Mwene-Ditu, juu ya ile reli yenyewe iliyowaleta wababu zao kusaini kontra.

Magazeti na mashirika ya musaada yaliwapa jina refoulés, ni kusema watu waliosukumwa kurudi. Hata lile neno la huruma liko na shida ndani yake. Kurudi wapi? Wengi walizaliwa Musonoi, Kapata, Manika. Walisoma kwa Kiswahili, waliota kwa Kiswahili, na Kasai walikuwa hawajaiona hata siku moja. Walipofika kule, watu wa Mbujimayi na Mwene-Ditu waliwasikia wanasema namna gani, wakawaita watu wa Katanga. Hapa wageni, kule wageni. Hata leo, katika hotuba za wanasiasa, utasikia originaire na non-originaire, wenye asili na wasio na asili. Ni maneno safi, ya watu wenye kuvaa kravati, na hayatukani mutu. Lakini kazi yake ni ileile ya kugawanya meza, na kila mara kunapokuwa uchaguzi yanapanda bei sawa makala. Kwetu katika redio tulipatana: asili ya mutu haitajwi katika habari ya wizi, ya ajali, ya fujo, isipokuwa habari yenyewe ni juu ya asili. Kuna wasikilizaji wanaosema tunaficha. Nimekwisha kuwajibu hewani, ninawajibu tena hapa: mwizi wa waya za umeme anaiba waya, asili yake haiibi kitu.

Nyuma ya treni, kazi yenyewe ilianguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika Septemba 1990 sehemu kubwa ya mugodi wa Kamoto chini ya udongo ilianguka. Kufika 1994 kampuni yote haikufikisha hata tani 40,000. Mishahara ikakosa, mwezi mumoja, kisha miezi kumi, kisha watu wakaacha kuhesabu. Na katika 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, ikaja ile kitu inaitwa Opération départs volontaires. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa feza ya mara moja na kutoka.

Lile neno "volontaire" wababa walilisaini kwa kalamu. Unamudai mutu miaka miwili ya mushahara, watoto wake wamefukuzwa kwa masomo, halafu unamuuliza kama anatoka kwa kupenda kwake. Watu wa Kolwezi wakafanya kitu cha werevu: wakachukua jina la operesheni wakalifanya jina la mutu. Mupaka leo utasikia: "Papa wa fulani ni départ volontaire." Hawasemi alitoka kwa départ volontaire, wanasema yeye *ni* départ volontaire, sawa vile unasema mutu ni mujane.

Watoto wa wale wababa, na wababa wenyewe, wakashika mukono wa koleo. Hapa ndipo linakuja neno ambalo leo linajulikana mupaka Ulaya: krezere. Kwa Kifaransa linaandikwa creuseur, muchimbaji. Katika sheria ya madini ya mwaka wa 2002 lile neno haliko; sheria inasema exploitant artisanal, Mukongomani mukubwa mwenye karte, anayechimba ndani ya zone iliyotengwa kwa ajili yake. Sheria ya 2018 ikaongeza kwamba awe ndani ya koperative. Ni vizuri. Lakini zone ni chache, na zile ambazo ziko, mara nyingi mawe mazuri yako chini sana ao hakuna barabara. Kwa hiyo mutu mumoja, na koleo lake lilelile, asubui anaweza kuwa exploitant artisanal, na akivuka mutaro mumoja tu anakuwa clandestin.

Ile kazi imezaa luga nzima, na kama unakuja mupya Kolwezi utaisikia ku tela, ku soko, mupaka kanisani. PDG si mukubwa wa kampuni, ni yule mwenye shimo na kikundi chake. Attaquant si muchezaji wa mupira, ni yule anayepiga mwamba chini. Salakate ni wadogo wanaookota na kuosha mabaki. Négociant ananunua na kupeleka kwa depo, Musompo. Kule kwenye depo wanapima teneur, ni kusema mawe iko na kobalti ngapi, kwa mashini ambayo kila mutu anaita metorex. Metorex lilikuwa jina la chapa tu. Leo ni neno la Kiswahili cha Kolwezi, na wachimbaji wanasema "metorex inaiba" wakati bei haiwapendezi. Mashini haisemi uongo yenyewe, lakini hakuna krezere mwenye yake ya kulinganisha.

Tarehe 27 Juni 2019, ndani ya mugodi mukubwa wa KOV, ukuta wa udongo ulianguka juu ya watu waliokuwa wanachimba. Zaidi ya 40 walikufa. Kampuni katika taarifa yake iliwaita wachimbaji haramu. Agence za kigeni zikaandika vilevile. Ninaelewa kwamba mwenye konsesio anatafuta neno ambalo mwanasheria wake atakubali. Lakini angalieni lile neno linafanya nini katika sikio la musikilizaji. "Wachimbaji haramu zaidi ya 40 wamekufa" ni sentensi ambayo inamaliza habari yenyewe: walikuwa wapi? Fasi haikuwa yao. Basi. "Watu zaidi ya 40 wamekufa wakichimba ndani ya konsesio ya kampuni" inaacha maswali wazi: waliingia namna gani, nani aliwaachilia, nani alinunua mawe yao juma lililopita. Hakuna uongo katika sentensi yoyote kati ya zile mbili. Katika mitaa ya Kolwezi, ule usiku, watu walisema tu "watoto wetu".

Sasa tufike kwa délocalisation.

Kasulo ni mutaa wa watu. Katika 2014 habari ilienea kwamba chini ya nyumba kuna kobalti, na katika miezi michache watu walikuwa wanachimba ndani ya vyumba, nyuma ya jiko, chini ya kitanda. Katika 2017 serkali ya jimbo iliitoa sehemu ya Kasulo kwa kampuni CDM, nyumba zikavunjwa, ukuta ukazungushwa. Upande mwingine wa muji, Cité Gécamines, mugodi wa shaba umerudi kazini karibu kabisa na nyumba, na familia zimekuwa zinatoka mustari kwa mustari. Amnesty International pamoja na shirika la hapa kwetu IBGDH walitoa ripoti juu ya mambo hayo katika Septemba 2023.

Mama mwenye kusema "Balitufukuza" anachukua neno la Kiswahili cha siku zote. Msemaji wa kampuni anamucheka kidogo, anasema mama ana hasira, neno la kisheria ni délocalisation. Hapa ndipo nilitaka kufika na ninyi. Wote wawili wanasema neno la kisheria, na maneno hayo mawili si sawa.

Délocalisation iko kweli katika sheria. Kanuni za madini za Juni 2018 ziko na nyongeza nzima juu yake. Si kupakia vyombo kwenye lori. Ni kusema: watu wanaulizwa mbele, wanahesabiwa, nyumba na mashamba na miti inapimwa bei, wanalipwa, na wanapewa fasi ya kukaa ambayo haiko mubaya kuliko ile ya kwanza. Katiba ya 2006, artikle ya 34, inasema serkali haiwezi kumutoa mutu katika mali yake isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki ambayo *yanatangulia*. Yanatangulia. Si nyuma ya miezi sita, si "mutaitwa". Yule aliyepata haya yote ni délocalisé, na anaweza kuinua lile neno bila haya.

Kama hakuna aliyemuuliza, kama alipewa siku chache, kama feza ilikuwa ya kumunyamazisha bila karatasi ya hesabu, lile jambo liko na jina lingine. Kifaransa cha sheria ya haki za binadamu kinasema expulsion forcée. Kiswahili chake ni kufukuzwa kwa nguvu. Ripoti ya 2023 ilishika lile neno kwa ajili ya mambo mengi iliyoyaona Kolwezi. Ni kusema, mama wa Kasulo ambaye hakusoma sheria alikuwa anasema neno la sheria, na tena lile zito zaidi.

Kwa hiyo redio yetu haichagui kati ya ile barua na yule mama kwa kutazama nani anasema kwa sauti ya upole. Tunauliza maswali matatu: waliambiwa mbele wakati gani, walilipwa kabla ya kutoka ao nyuma, na leo wanalala wapi. Majibu yakikosekana tunasema "nyumba zilivunjwa na familia zikatoka", na tunarudia kuuliza juma linalofuata. Ni polepole. Kuna wakati kampuni inapiga simu haijafurahi, na kuna wakati wakaaji wanapiga simu hawajafurahi vilevile.

Ninyi ambao mulifika hapa kwa vita, kutoka Kasai nyuma ya fujo ya 2016 na 2017, kutoka pembeni za Mitwaba na Pweto wakati wa Bakata Katanga, ao kutoka Kivu, mumeniuliza kwa ujumbe kama haya yanawahusu. Watu wanawaita wakimbizi. Mukimbizi kwa sheria ni yule aliyevuka mupaka wa inchi. Ninyi ni déplacés, watu waliohamishwa ndani ya inchi yao, na serkali yenu ingali ni yenu na deni lake kwenu liko palepale. Umoja wa Afrika ulikubali katika 2009 mukataba juu ya watu kama ninyi, unaitwa mukataba wa Kampala. Ndani yake, artikle ya 10 inasema pia juu ya watu wanaohamishwa na miradi: barabara, barrage, mugodi. Kwa mukataba huo, mama wa Cité Gécamines ambaye nyumba yake iko chini ya udongo wa kampuni na mama wa Mitwaba ambaye nyumba yake ilichomwa wako katika kitabu kimoja. Katika soko la Kolwezi wanauza mboga meza kwa meza na kila mumoja anafikiri shida ya mwingine ni ya aina nyingine.

Kitu cha mwisho cha matumizi. Kama muliondoka ao mutaondoshwa, chungeni kila karatasi, hata ile yenye makosa katika jina. Pigeni picha nyumba, choo, kisima, miti ya maembe, mukihesabu. Andikeni tarehe ya siku mulipoambiwa na jina la yule aliyesema. Na mukituletea habari kwa redio, semeni kwa maneno yenu, Kiswahili cha nyumbani kinatosha. Sisi ndio tutatafuta artikle.

Bado kuna fasi moja katika vipindi vyetu ambapo neno halichaguliwi na mutangazaji, wala na kampuni, wala na liwali. Ni matangazo ya vifo. Familia inaandika yenyewe, inalipa, na sisi tunasoma vile ilivyoandika. Nimekwisha kusoma mingi. Wababa waliotoka Jekamini katika 2003 na kuchimba miaka kumi na tano kwa mikono katika kariere, wakafa na kifua kilichojaa vumbi: katika tangazo hakuna krezere, hakuna départ volontaire. Inaandikwa jina, inaandikwa kijiji cha wazazi, halafu: *agent wa Gécamines*, na mara nyingine hata namba yake ya kazi. Ninaisoma ile namba polepole, juu kuna watu wanaishika kwa kichwa.